Vituko si Historia ya Muziki

Iko aina ya kitabu iliyopata soko kubwa katika nchi za Magharibi, nayo ni ile inayojidai kueleza maisha ya bendi mashuhuri, kumbe inaeleza maisha ya hoteli zilizoilaza bendi hiyo. Mfano mkuu wa aina hii ni kitabu cha Stephen Davis kiitwacho Hammer of the Gods, kilichotolewa mwaka 1985, ambacho habari zake ni za kundi la Kiingereza la muziki wa roki liitwalo Led Zeppelin. Nilikipata miongoni mwa vitabu vya mitumba, nikakisoma Temeke kwa siku nne, na nilipokifunika nilikuwa nimeshiba vyumba vilivyovunjwa na ningali na njaa ya ngoma. Nia yangu hapa si kukishitaki kwa utovu wa adabu. Wenye kufanya hivyo ni wengi, na sauti zao zinatosha. Shitaka langu ni jingine: kitabu hiki kinachosha, uchovu wake umetokana na kosa la fikira, na kosa hilo limeanza kuigwa huku kwetu na vijana wanaotaka kuandika habari za bendi zetu za dansi.

Haki itangulie. Davis si mgeni wa jambo analolisimulia. Alifuatana na kundi hilo katika ziara ya Marekani ya mwaka 1975, na kalamu yake ni nyepesi. Lakini shahidi wake mkubwa ni Richard Cole, aliyekuwa msimamizi wa safari za kundi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wanamuziki wenyewe wamelalamika kwamba mengi yaliyosemwa si kweli. Mimi siingii katika kesi hiyo. Hata kama kila neno la Cole ni kweli, bado alikuwa shahidi wa jambo lisilotakiwa. Kazi ya msimamizi wa safari huanza pale muziki unapokoma: funguo za vyumba, magari, hesabu ya hoteli, askari mlangoni. Kuandika historia ya bendi kwa ushahidi wake ni sawa na kuandika habari za jahazi kwa ushahidi wa mwenye kilabu cha pombe bandarini. Atasema kweli tupu juu ya mabaharia, wala hatasema neno juu ya bahari.

Basi tunapewa nini? Tunapewa kisa cha samaki katika hoteli moja ya Seattle mwaka 1969, kisa ambacho kimesimuliwa kwa namna nyingi mno hata hapana ajuaye ipi ndiyo, na ambacho kwa watu wengi ndicho kitu pekee wanachokikumbuka katika kitabu kizima. Tunapewa televisheni zilizotupwa madirishani. Tunapewa chupa, unga, wasichana ambao umri wao ungalimstahili mwandishi kusimama na kuuliza swali la sheria badala ya kupita akitabasamu. Kisha tunapewa hayo hayo tena katika mji mwingine. Mlevi wa Los Angeles hana tofauti na mlevi wa Tandika isipokuwa katika bei ya kinywaji. Futa majina ya watu katika kurasa hizo, uweke ya bendi nyingine yoyote, na msomaji hatagundua kitu. Kitabu ambacho mtu wake aweza kubadilishwa bila ya kubadilika habari hakikuandika habari za mtu huyo.

Wala si kwamba kundi hilo halikuwa na habari. Mwaka 1971 walitoa santuri yao ya nne, ambayo sehemu yake kubwa ilinaswa katika jumba kuukuu la mashambani, Headley Grange, katika jimbo la Hampshire. Katika wimbo mmoja wa santuri hiyo ngoma za John Bonham ziliwekwa chini ya ngazi ya jumba hilo, na vipaza sauti vikaning'inizwa juu ya ngazi, ili sauti ipande ikiwa imekwisha kukutana na kuta. Mlio uliopatikana umeigwa na kunakiliwa dunia nzima kwa zaidi ya miaka hamsini. Nani aliyebuni jambo hilo? Ni nini walichojaribu kikashindikana? Mpigaji aliupigaje mguu wake hata ngoma ikaonekana kuchelewa ilhali haikuchelewa? Kurasa mia za maswali kama hayo nisingalizihesabu. Na wimbo wenyewe haukuanza nao. Uliimbwa kwanza na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie mwaka 1929, watu weusi wa Marekani, juu ya mafuriko ya mto Mississippi.

Hapo tumefika kwenye ushenzi wa kweli wa miaka ile, kama neno ushenzi linahitajiwa. Wimbo mwingine wao mashuhuri, Whole Lotta Love wa mwaka 1969, ulikuwa umechukua maneno ya Willie Dixon, mtunzi mweusi wa Chicago, bila ya kumtaja. Dixon alikwenda mahakamani mwaka 1985, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha Davis, na mwaka 1987 wakapatana naye nje ya hukumu. Mtu aliyevunja televisheni hulipa bei yake asubuhi, na hesabu imekwisha. Aliyechukua wimbo wa mtu hulala na mali ya mwenziwe kwa miaka kumi na minane. Lakini wenye kupenda vitabu vya vituko humwita wa kwanza mtukutu, na wa pili hawana jina la kumwita.

Msomaji wa Kinondoni au wa Mbagala ataniuliza hayo yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu nimesoma insha za wanafunzi, na nimesikia mazungumzo ya waandishi wenye nia njema, wakitaka kuandika habari za wanamuziki wetu wa miaka ya 1970 na 1980 kwa kalamu ile ile. Wanamwendea mzee aliyepiga gitaa la pili miaka thelathini, anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga, na swali la kwanza ni juu ya wanawake, na la pili ni nani alipigana na nani. Mzee ni mwungwana. Anawapa wanachokitaka, anacheka nao, na wanaondoka wakidhani wamepata historia. Jambo ambalo yeye pekee alilijua wameliacha pale pale kitini.

Kwanza miaka yetu haikuwa na ushenzi wa namna ile hata tukitaka kuwa nao. Bendi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa kazi za ajira. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama hicho kilipobadili jina bendi nayo ilibadili, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hata leo inaitwa Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi walikuwa na bendi, Jeshi lilikuwa na bendi, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kule Ubungo, kilikuwa na Urafiki Jazz. Mpiga tarumbeta alikuwa na mshahara wa mwezi, na gitaa alilolipiga halikuwa lake. Lilikuwa mali ya shirika, limeandikwa katika daftari la mali pamoja na meza na mashine za kupigia chapa. Mtu atakayevunja gitaa jukwaani kama walivyofanya baadhi ya vijana wa Ulaya angaliitwa ofisini Jumatatu. Sina shaka kuwa yapo mengi ya kuchekesha katika habari hiyo, lakini kicheko chake ni cha karani, wala si cha mwenda wazimu.

Pombe nayo ilikuwako, tena nyingi. Lakini tazama ilikuwa ya nani. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilipewa jina la baa iliyokuwa ikipigia, na mwenye bendi alikuwa shirika la usafiri na teksi. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, ambalo lilikuwa na kumbi na baa zake Kariakoo, Magomeni Kondoa, Keko na kwingineko. Huo ndio ufunguo wa jambo lote. Muziki wa dansi katika mji huu ulipigwa ili bia iuzwe. Ukumbi ulihitaji watu wakae saa sita au saba, wacheze mpaka jasho liwatoke, waone kiu, wanunue. Bendi iliyojua kuurefusha wimbo, ikapita sehemu ya kuimba polepole na kuingia katika chemko, magitaa yakajibizana kwa dakika kumi, ilikuwa ikifanya kazi mbili kwa mpigo, moja ya sanaa na moja ya mwenye baa. Mpigaji alikesha kwenye moshi na chupa siku nne au tano kila juma, kwa miaka ishirini, kwa sababu chupa ndizo zilizomlipa. Akiugua ini, mwandishi wa vituko huandika kwamba alipenda raha. Mfua chuma akiungua mkono hatuandiki kwamba alipenda moto.

Nasema hivyo hivyo juu ya Bonham. Alifariki tarehe 25 Septemba 1980, mwenye umri wa miaka 32, baada ya kunywa vodka kipimo cha kuua kwa siku moja, siku waliyokuwa wakijizoeza kwa ziara mpya ya Marekani. Vitabu vya namna hii hukifanya kifo hicho kuwa kilele cha tamthilia, kama kwamba kundi zima lilikuwa likielekea huko kwa amri ya nyota. Mimi naona mfanyakazi aliyekufa kazini, na naona watu wengi waliokuwa wakipata riziki kwake ambao hawakuulizwa swali.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana ugomvi ndio unaopendwa zaidi. Kila mtu mzima wa Dar es Salaam anajua ushindani wa Msondo na Sikinde, na majina hayo mawili yenyewe yatosha kumwonyesha mtafiti mahali pa kuanzia, kwa kuwa moja ni ngoma ndefu ya jando na unyago na jingine limetoka katika ngoma za Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Watu walioajiriwa na chama cha wafanyakazi na na shirika la mji, wenye magitaa ya umeme na tarumbeta, waliona fahari kujiita kwa ngoma za kijijini. Hilo ni jambo la kuandikia sura nzima. Kinachoandikwa badala yake ni kwamba fulani alimsaliti fulani. Mwaka 1978 waimbaji na wapigaji walitoka JUWATA wakaenda kuianzisha Mlimani Park, miongoni mwao Muhidin Maalim Gurumo. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake akawachukua watu sita wa Mlimani Park, Gurumo akiwamo, pamoja na Hassani Bitchuka na Abel Balthazar, ikazaliwa International Orchestra Safari Sound na mtindo wake wa Ndekule. Katika masimulizi ya vituko hawa ni watoro, na nyimbo za kejeli zilizofuata ni matusi.

Lakini fanyakazi gani mwingine huitwa mtoro anapofuata mshahara mwema? Mwalimu ahamaye shule hatungiwi hadithi ya usaliti. Kuhama kulikuwa ndiyo silaha pekee ya mwanamuziki asiyekuwa na gitaa lake, asiyekuwa na haki ya wimbo wake, na asiyekuwa na santuri ya kumlipa. Nchi haikuwa na kiwanda cha kupigia chapa santuri. Kanda zilinaswa Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumbani, na atakaye santuri alielekea Nairobi. Wimbo ulisikika nchi nzima kila siku na mtunzi akaendelea kungoja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kila uhamisho ule ni hati ya historia ya kazi katika Tanzania, na ningependa kuona orodha yake kamili, tarehe kwa tarehe, pamoja na kiwango cha mshahara alichokiacha mtu na alichokifuata. Jambo hilo likifanywa, ule unaoitwa ugomvi utapata akili. Orchestra Maquis, waliotoka Kongo, wakapiga miaka mingi White House, Ubungo, walijaribu njia nyingine, wakajifanyia kampuni yao wenyewe, OMACO. Ni nani aliyekwisha kukaa na mmoja wao akauliza mahesabu ya kampuni hiyo? Nimesikia mara nyingi habari za nguo zao na nywele zao.

Watakuja wapinzani wangu kutoka upande wa pili, na hao nawaogopa kuliko wale wa vituko, maana wana heshima katika jamii. Watasema: vyema, basi tuyafunike yote, tuandike mema ya marehemu, kwani Mswahili hamvui nguo maiti. Wana hoja kubwa mkononi. Wasifu wa mwanamuziki ulio bora kuliko yote katika lugha yetu, Wasifu wa Siti Binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert katika miaka ya 1950, ni kitabu cha kusifu. Humo tunamwona binti wa watu maskini wa Fumba, muuza vyungu, akipanda kwa sauti yake hata akavuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kunaswa katika santuri. Nakipenda kitabu hicho, na nathubutu kusema kwamba sifa zimekizidi. Mara nyingi mwandishi anamgeuza Siti kuwa mfano wa tabia njema tulipotaka kumwona akitafuta sauti. Hata hivyo tazama tofauti. Shaaban aliuliza swali lililo sawa: mtu huyu, katika hali hii, aliwezaje kazi hii? Davis hakuuliza. Aliyesifu kupita kiasi na aliyeumbua kupita kiasi hawako sawa mbele ya msomaji, kwa kuwa yule wa kwanza walau alisimama karibu na kazi.

Mimi sitaki kufunika kitu. Mtu akilewa siku ya kunaswa wimbo hata mwenziwe akashika nafasi yake, na kwa sababu hiyo tukapata sauti tunayoipenda leo, liandikwe, tena kwa urefu. Mke aliyelea watoto sita peke yake ili mumewe aimbe juu ya mapenzi, naye aandikwe, na aulizwe yeye mwenyewe. Kipimo changu ni kimoja tu: jambo liingie kitabuni likiwa linaeleza kazi au gharama ya kazi. Kwa kipimo hicho mengi ya aibu yataingia, na mengi ya kuchekesha yatabaki nje.

Remmy Ongala anafaa kutazamwa hapa, maana yeye ndiye aliyekaribia sana sura ya mwanaroki machoni pa mji. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Nywele zake za misokoto, maneno yake makali, na nyumba yake ambayo iliupa mtaa jina hata leo kituo cha basi huitwa Sinza kwa Remmy, vyote hivyo vingemtosha mwandishi wa vituko. Mwaka 1990 alitunga Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu, na redio ya taifa ikakataa kuupiga. Katika kitabu cha vituko wimbo huo ungewekwa pamoja na mizaha ya mtu mkorofi. Lakini mwaka 1990 ukimwi ulikuwa ukizika watu kila juma Temeke na Kinondoni, na wenye vyeo walikuwa wakitafuta maneno ya kupitia pembeni. Mwanamuziki wa baa, aliyewaona watu hao hao wakiondoka ukumbini wawili wawili usiku, alisema wazi. Ujuzi huo aliupata kwa kazi yake. Ukiitoa kazi ukabakiza ukorofi, umeutoa wimbo.

Remmy alifariki mwaka 2010, Gurumo mwaka 2014, Marijani Rajab zamani zaidi, mwaka 1995. Wataalamu wameandika, sikatai: Kelly Askew alitoa Performing the Nation mwaka 2002, na Alex Perullo akatoa Live from Dar es Salaam mwaka 2011, vitabu vya kazi na vya haki. Vyote viwili ni vya Kiingereza na vimepigwa chapa Marekani, na mpiga tumba wa Mtoni kwa Aziz Ali aliyehojiwa kwa lugha yake hawezi kusoma alichosemewa. Njia aliyoifungua Shaaban Robert kwa Kiswahili imepata wapitaji wachache mno kwa umri wake, na sasa wanaokuja kuipita wanakuja na Hammer of the Gods kwapani.

Kwa hiyo mwanafunzi atakaye kwenda Chang'ombe au Magomeni juma lijalo kumtafuta mzee wa bendi, na akae naye kabla ya adhuhuri, maana usiku ulikwisha kumchosha. Amwulize gitaa la pili liliingia wapi lilipoachiwa nafasi na la kwanza, na nani aliamua. Amwulize King Michael Enoch, aliyetoka gitaa la Dar es Salaam Jazz akaja kuongoza muziki wa Mlimani Park, alikuwa akifundishaje: kwa kuimba, kwa kuandika, au kwa kupiga mwenyewe watu wakafuata. Nyuzi zilipoadimika madukani zilipatikana wapi? Wimbo mpya ulikaa mazoezini siku ngapi kabla ya kupelekwa redioni? Zile kanda ziko wapi sasa, na jina la nani limeandikwa juu ya kasha? Mzee akitaka mwenyewe kusimulia habari za chupa, na asimulie, mwanafunzi asiweke kalamu chini. Lakini kwanza amwombe amwonyeshe vidole vyake mahali vilipokuwa katika gitaa, na kama gitaa halimo nyumbani, basi akaazime.